Ushindani Hunoa, Mabishano Hubadili Kipimo: Somo la Sanaa kutoka Mbeya na Iringa

Historia ya sanaa huandikwa mara nyingi kama orodha ya mabingwa, yaani majina ya waliotunga, waliochonga, waliochora na walioimba vizuri kuliko wenzao, yakipangwa kwa karne na kwa mitindo. Orodha ya namna hiyo huacha nje mambo mawili yaliyowafanya mabingwa hao wawe walivyokuwa: ushindani uliowalazimu kujipima na wengine, na mabishano kuhusu sanaa nzuri ni ipi na nani mwenye haki ya kuihukumu. Makala haya yanatetea hoja kwamba mambo hayo mawili yana kazi tofauti, na kwamba jamii inayoyachanganya hupoteza faida ya yote mawili. Ushindani hunoa ustadi ndani ya kipimo kilichokwisha kukubaliwa, ilhali mabishano hukihoji kipimo chenyewe na pengine hukibadili. Mikoa ya Mbeya na Iringa inatoa ushahidi mzuri wa hoja hii, kwa sababu tangu miaka ya 1890 waamuzi wa sanaa katika nyanda hizo wamebadilika mara nyingi: umati wa kijijini, mmisionari, mwalimu mkuu wa kikoloni, mkusanyaji wa nyimbo, wizara, redio, na sasa kura ya simu ya mkononi. Kila mwamuzi alipobadilika, sanaa nayo ilibadilika.

Mifano miwili ya nchi za mbali inasaidia kuweka tofauti hiyo wazi kabla ya kurejea nyumbani. Mwaka 1401 mji wa Florence nchini Italia ulitangaza shindano la kutengeneza milango ya shaba ya jengo lake la ubatizo, na washindani saba wakapewa kazi moja, kwa kipimo kimoja, ya kuonyesha Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe Isaka sadaka. Lorenzo Ghiberti alishinda. Filippo Brunelleschi alishindwa, akageukia usanifu wa majengo, na baadaye akajenga kuba la kanisa kuu la mji huohuo ambalo hadi leo huwashangaza wahandisi. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba vibao vya watu hao wawili vilihifadhiwa, na vinaonekana katika jumba moja la makumbusho mjini humo, kiasi kwamba mtazamaji wa leo anaweza kuwapinga majaji waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Mfano wa pili ni wa Paris mwaka 1863, ambapo majaji wa maonyesho rasmi ya uchoraji walikataa kazi nyingi mno hata Mfalme Napoleon wa Tatu akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe katika maonyesho yao. Watu wengi walikwenda kuzicheka, lakini miongoni mwazo ulikuwamo mchoro wa Édouard Manet ambao leo huhesabiwa kuwa mlango wa uchoraji wa kisasa. Florence ilikuwa na ushindani ndani ya kipimo. Paris ilikuwa na mabishano juu ya kipimo.

Afrika Mashariki haikuhitaji kujifunza mambo haya Ulaya. Katika mwambao, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalishiriki katika malumbano makali baina ya Mombasa na Lamu, na desturi ya kujibizana kwa beti, ambapo jibu lilipaswa kufuata vina na mizani ya swali, ndiyo iliyolazimisha ufundi wa lugha ukue haraka. Katika Usukuma, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19 kwa kanuni iliyo rahisi na ngumu kwa wakati mmoja: makundi mawili hucheza kwa pamoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa upande wake. Hapo mwamuzi ni miguu ya watazamaji, na msanii analazimika kubuni jambo jipya kila msimu, liwe mchezo wa majoka au sarakasi ya ghafla, kwa kuwa umati uliokwisha kuona jambo moja mwaka jana hausogei tena kwa ajili yake.

Njia ambayo ushindani wa aina hiyo ulipitia kufika Nyanda za Juu Kusini katika sura mpya ilikuwa njia ya vita. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa sare, gwaride na vyeo, ilianza katika miji ya pwani miaka ya 1890, ikagawanyika katika Tanganyika kuwa vyama viwili vilivyojulikana kila mahali, Marini na Arinoti, na palipokuwa na kimoja hapakukosa kingine. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyoieneza beni barani kupitia askari, wapagazi, mateka na makarani wa pande zote mbili. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa katikati ya vita hivyo: majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini, yakaitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwishoni mwa Mei 1916, na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, pande zote za mpaka wa sasa wa Tanzania na Malawi, wenyeji waliichukua sanaa hiyo ya gwaride wakaifanya yao kwa majina ya mganda na malipenga. Tarumbeta za shaba, ambazo mwanakijiji hakuwa na uwezo wa kuzinunua, zilipisha vibuyu vilivyotobolewa na kufunikwa utando mwembamba unaotetema mtu anapoimbia ndani yake, na vikundi vya vijiji, vikiwa na manahodha na maofisa wao, vikaanza kualikana na kushindana kwa unyoofu wa mistari, usafi wa mavazi na upya wa nyimbo.

Watawala wa kikoloni waliiogopa beni kwanza kama njama, kisha wakaidharau kama uigaji mtupu, na katika hali zote mbili walishindwa kuona kilichokuwa kikitendeka. Ushindani wa Marini na Arinoti ulikuwa chuo cha utungaji, kwa sababu kikundi kilichorudia nyimbo za msimu uliopita kiliaibika mbele ya wapinzani wake, na ulikuwa pia mahali ambapo watu waliotawaliwa waliweka vyeo, kanuni na hukumu zao wenyewe. Ni kweli kwamba ushindani huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa vyama vilitumia fedha nyingi katika mavazi na karamu na pengine mashabiki walipigana. Lakini hakuna ofisa aliyeamuru mtindo wa mganda uwe vipi, na kwa sababu hiyo uliweza kubadilika kadiri wachezaji na watazamaji wake walivyotaka.

Mabishano makubwa zaidi ya sanaa katika nyanda hizi hayakuhusu nani anacheza vizuri. Yalihusu kama inafaa kucheza kabisa. Wamisionari wa Moravian waliweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, na wale wa shirika la Kilutheri la Berlin walifika Unyakyusa mwaka huohuo kabla ya kupanda hadi Ubena na Uhehe. Kwa wengi wao ngoma ilikuwa dalili ya upagani, na Mkristo mpya alitarajiwa kuiacha kama alivyoacha matambiko. Swali hilo lilikuwa gumu hasa msibani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta mazishi ya kienyeji yakiwa na ngoma kubwa, vijana wakicheza na mikuki mkononi kwa nguvu iliyowahi kuzaa ugomvi, ilhali Wakristo waliwazika wafu wao kwa nyimbo za kanisa na kwa utulivu waliofundishwa. Majirani na ndugu wa ukoo mmoja walikuwa wakibishana juu ya jambo zito: huzuni inapaswa kuonekanaje na kusikikaje. Hayo yalikuwa mabishano ya sanaa kwa maana kamili, kwa kuwa yalihusu umbo gani linabeba hisia gani kwa ukweli.

Mabishano hayo yaliwafikia wamisionari wenyewe. Traugott Bachmann, Mmoravian aliyefanya kazi miaka mingi Mbozi miongoni mwa Wanyiha, anakumbukwa kwa sababu alibadili msimamo wake na kuanza kutetea mila nyingi za wenyeji ambazo wenzake walizilaani, na mwanahistoria Klaus Fiedler amemweka miongoni mwa wamisionari wa Kijerumani waliojenga hoja kwamba Ukristo wa Afrika unapaswa kuzungumza kwa utamaduni wa Afrika. Upande mwingine haukunyamaza, na tofauti hiyo haikumalizwa kwa hukumu moja. Ilirithiwa na makanisa yenyewe, ambayo kwa miongo mingi yamejadili kama ngoma iingie kanisani, kama kwaya icheze hatua, na baadaye kama kinanda cha umeme na magitaa vifae ibadani. Leo ngoma na hatua za kucheza husikika na kuonekana katika kwaya nyingi ambazo waasisi wake wangezikemea. Mabadiliko hayo yalikuja polepole, kwa sababu pande zote mbili ziliendelea kuimba huku zikibishana.

Kwaya zenyewe zinaonyesha jinsi ushindani na mabishano vinavyoweza kusaidiana. Gregory Barz, aliyeandika mwaka 2003 kuhusu muziki wa kwaya nchini Tanzania, na ambaye kabla ya hapo, pamoja na Frank Gunderson, alihariri kitabu kizima juu ya mashindano ya muziki Afrika Mashariki kilichochapishwa mwaka 2000, ameonyesha kuwa mashindano ya kwaya yana uzito mkubwa katika maisha ya waumini. Katika mashindano mengi ya aina hii kuna wimbo wa lazima, unaoimbwa na kila kwaya ili majaji walinganishe usawa wa sauti nne, matamshi na mahadhi, na kuna wimbo wa kujichagulia, ambapo mwalimu wa kwaya huonyesha utunzi wake. Wimbo wa lazima ni ushindani wa aina ya Florence, kwa kuwa hupima nani ameutimiza mfano uliowekwa. Wimbo wa kujichagulia ndiko mabishano yanakopenya, kwa sababu mwalimu akileta mdundo wa kwao uliotungwa kwa sauti nne, jaji analazimika kuamua kama vigezo vyake vinatosha kuuhukumu. Makwaya ya Kilutheri, Kimoravian na Kikatoliki yanayoimba leo katika vijiji vya Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbozi yamelelewa na mkutano huo wa kanuni na ubunifu, na hiyo ni sababu mojawapo ya sifa ya uimbaji katika nyanda hizi.

Kinyume chake kilionekana Malangali, katika wilaya ya Mufindi ya leo, na tukio hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilifungua shule pale chini ya W. Bryant Mumford, ambaye alitaka kujenga elimu juu ya mila za wenyeji, hivyo shule ikawa na mavazi, ngoma, michezo na mafundisho ya wazee, na mwaka 1930 akaueleza mpango wake katika jarida la kitaaluma la Uingereza. Ukitazamwa juu juu, mpango huo ulikuwa ushindi wa sanaa ya asili dhidi ya dharau ya wamisionari. Lakini wakosoaji waliuliza swali ambalo mpango haukuwa na jibu lake: je, kijana anayefundishwa ngoma kwa amri ya serikali ileile inayomnyima elimu ya kumwezesha kushindana na Mzungu ofisini anaheshimiwa au anafungiwa? Mpango wa Malangali haukudumu kwa muda mrefu. Kosa lake halikuwa kupenda ngoma. Lilikuwa kudhani kuwa mtu mmoja mwenye mamlaka, hata akiwa na nia njema, anaweza kuamua kwa niaba ya wengine lipi katika sanaa yao ni la asili na lipi limeharibika. Mmisionari aliyekataza ngoma na mwalimu mkuu aliyeiamuru walikaa katika kiti kilekile cha hukumu, na wote wawili walifunga mjadala uliopaswa kuwa wa wacheza ngoma wenyewe.

Kiti hicho kilipata pia mkusanyaji. Hugh Tracey, aliyesafiri Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, aliacha hazina ambayo bila yake masikio ya leo yangekuwa maskini, ikiwamo sauti ya Pancras Mkwawa akiimba kwa ligombo, ala ya Wahehe yenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa kama kihori. Lakini Tracey alikuwa na kipimo chake, akitofautisha kwa ukali muziki aliouona wa kweli na ule aliouona umechafuliwa na mambo mapya, na taasisi yake ilitoa zawadi kwa rekodi zilizohesabiwa bora. Mwaka 1952 zawadi hiyo ilikwenda kwa wimbo wa gitaa wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, msanii aliyeimba kwa Kiswahili cha Kongo, na tuzo hiyo ilisaidia kuusambaza mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole. Historia ya muziki wa eneo hili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya yale ambayo mkusanyaji aliona yanafaa kurekodiwa. Waliokataliwa hawana kibao chao katika jumba la makumbusho, na hukumu iliyowakataa haiwezi tena kupimwa.

Baada ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akiwataka Watanganyika waache kuionea haya ngoma yao. Tangazo hilo lilirudisha heshima iliyonyang'anywa, na mashindano ya ngoma, kwaya na ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana ambayo Mathias Mnyampala aliyaendeleza na kuyafanya chombo cha kufundishia siasa mpya, yakaenea mashuleni nchi nzima. Hata hivyo mwamuzi mpya, dola, alikuwa na udhaifu wa waliomtangulia: ngonjera nyingi zilimalizika kwa makubaliano yaliyojulikana kabla ya ubeti wa kwanza, na mabishano ambayo mwisho wake umeamuliwa hayabadili kipimo chochote. Katika miaka hiyohiyo, nje ya majukwaa rasmi, yalizuka mabishano ya kweli yaliyoibadili fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaitetea njia hiyo na kuitumia katika Malenga wa Bara mwaka 1976. Na watetezi wa kanuni, waliosimama juu ya sheria za utungaji alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954, wakajibu kwa ukali, mmojawapo akiwa Jumanne Mayoka, ambaye kitabu chake cha 1984 kilibeba jina la mgogoro huo wenyewe.

Hakuna upande uliotoweka. Mwanafunzi wa sekondari Iringa au Mbeya leo husoma mashairi ya kimapokeo na mashairi huru katika somo moja, na mtunzi mwenye kipaji huchagua umbo kwa sababu anajua linafanya nini, tofauti na mtunzi wa zamani aliyelifuata kwa kuwa hapakuwa na jingine. Watetezi wa mapokeo walilazimishwa kueleza kwa hoja uzuri wa vina, jambo ambalo awali halikuhitaji maelezo, na wanamabadiliko walilazimishwa kuonyesha kuwa shairi bila vina bado lina nidhamu. Linganisho na Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, linatosha kuonyesha tofauti. Riwaya hiyo ilizuiwa mashuleni, na kwa muda wa zuio swali zito ililoliuliza kuhusu malezi ya wasichana halikupata mjadala darasani, hadi ilipokuja kuruhusiwa na kusomwa na vijana walewale ambao ilidhaniwa ingewapotosha.

Inafaa kukiri kwamba si kila uzuri huzaliwa na mapambano. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema katika mwambao wa Kyela, hufinyanga vyungu ambavyo kwa vizazi vingi vimesafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa katika masoko ya kandokando ya ziwa, na ufundi wao umepita kutoka kwa mama hadi kwa binti bila majaji, alama wala ilani. Wanaoamini kuwa ushindani ndio mama wa sanaa hawana budi kuvitazama vyungu hivyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa uvumilivu na ualimu wa nyumbani navyo ni nguvu katika historia. Lakini hata hapo mwamuzi yupo. Mnunuzi anayegonga chungu kwa kidole kusikiliza kama kina ufa, na anayerudi msimu ujao kwa mfinyanzi yuleyule, ametoa hukumu yenye ujuzi kuliko hukumu nyingi za majukwaani. Kinachofundishwa na Ikombe ni kwamba sanaa hustawi palipo na hadhira inayojua, na kwamba ushindani bila hadhira ya namna hiyo ni kelele.

Hapo ndipo hali ya sasa inapotia wasiwasi. Mbeya imelipa taifa sauti kubwa katika muziki wa kizazi kipya. Joseph Mbilinyi, anayejulikana kama Sugu au Mr. II, mmoja wa waasisi wa rap ya Kiswahili, aliliwakilisha jimbo la Mbeya Mjini bungeni kuanzia 2010 hadi 2020, na mwaka 2011, akiwa na wenzake waliojiita Vinega, alitoa mkusanyiko wa nyimbo uitwao Anti-Virus, uliopinga mamlaka ya redio na waandaaji wa matamasha katika kuamua msanii yupi asikike. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na lawama za nyimbo zile, lakini swali lao lilikuwa lilelile la Rungwe na Malangali, yaani nani ameketi katika kiti cha mwamuzi na kwa ridhaa ya nani. Rayvanny, kijana mwingine wa Mbeya, aliona upande mwingine wa swali hilo Novemba 2018, wakati Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipoufungia wimbo wake wa Mwanza alioimba na Diamond Platnumz kwa hoja ya maadili, na mwezi uliofuata likawafungia wasanii hao wawili baada ya kuuimba jukwaani.

Maadili ni jambo zito, na jamii ina haki ya kumwambia msanii wake kwamba amekosea. Tatizo la kufungia wimbo ni kwamba hoja hukatika mahali ilipotakiwa kuanza: mzazi anayechukizwa na wimbo hapati nafasi ya kueleza kwa kina kinachomchukiza, msanii hapati sababu ya kujitetea kwa kazi bora zaidi, na wimbo wenyewe huzidi kusikilizwa kwa udadisi badala ya kupimwa kwa akili. Historia ya nyanda hizi inaonyesha kuwa amri ya mmisionari haikuiua ngoma, na amri ya mwalimu mkuu haikuifufua. Kilichoibadili ni hoja za muda mrefu za watu walioishi nayo.

Upande wa ushindani, upungufu umekuwa wa aina nyingine. Mashindano ya vipaji, ya kwaya na ya ngoma za shule ni mengi, na Tuzo za Muziki Tanzania, zilizoanza mwaka 1999 na kusimama kwa miaka kadhaa, zilirejeshwa mwaka 2022. Hata hivyo kura za simu hupima wingi wa mashabiki na uwezo wao wa kununua vocha kuliko zinavyopima kazi, na majaji wengi hutangaza alama bila kutoa sababu zinazoweza kujadiliwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na usemi huo una hekima kwa kuwa wanaomtunza mchezaji ni watu wanaoijua ngoma yake tangu utotoni. Lakini kwao pa leo pamekuwa skrini yenye watazamaji wa mikoa yote, ambao hawawezi kutofautisha mganda uliochezwa vizuri na mganda uliokosewa. Asiyejua ngoma hawezi kuitunza, hata akipiga kura mara mia.

Dawa ya upungufu huu iko ndani ya uwezo wa mikoa hii miwili. Kwanza, majaji wa kila shindano linalogharimiwa na umma au na makanisa waandike sababu za hukumu yao na kuzitangaza, ili mwalimu wa kwaya aliyeshindwa ajue alishindwa kwa lipi na, akitaka, abishane na kipimo. Pili, kazi za walioshindwa zirekodiwe na kuhifadhiwa pamoja na za washindi. Iringa ina Makumbusho ya Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016, ina Chuo Kikuu cha Iringa kinachomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji kinachomilikiwa na Kanisa la Moravian. Makanisa yaliyowahi kubishana juu ya ngoma sasa yanamiliki maktaba na wahadhiri, na hakuna taasisi zenye deni kubwa zaidi la kuandika historia ya mabishano hayo kwa haki, zikiwapa nafasi sawa waliokataza na waliokaidi. Tatu, magazeti na redio za mikoa zirudishe uhakiki wa kweli, wenye kusifu kwa sababu na kukosoa kwa sababu, kwa kuwa taarifa ya nani kashinda haijamfundisha mtu yeyote jinsi ya kusikiliza.

Mambo haya hayahitaji sheria mpya wala fedha za kutisha. Yanahitaji viongozi wa dini, maofisa utamaduni, walimu na wahariri wakubali kwamba msanii anayepingwa kwa hoja amepewa heshima, na kwamba aliyefungiwa au aliyesifiwa bila sababu amenyimwa. Mbeya na Iringa zina waimbaji, wafinyanzi na wachezaji wa kutosha kuandika sura zao katika historia ya sanaa ya Afrika. Kinachopungua ni waamuzi walio tayari kutoa sababu za hukumu zao na kusikiliza jibu, na upungufu huo unaweza kuanza kuzibwa katika shindano lijalo la kwaya au la ngoma, kwa jaji mmoja tu atakayesimama baada ya kusoma alama na kueleza amezipataje.